Kumbikumbi kwenye uji wa mtoto: namna ya kuwasafisha, kuwakausha na kuwasaga

Kila mvua zikianza, maswali ni yale yale. Mtoto wa miezi sita anaweza kula kumbikumbi? Nimsagie wale wakavu wa sokoni? Niweke vijiko vingapi? Mbona unga umegandamana kwenye blenda kama siagi ya karanga? Mwongozo huu unajibu hayo kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kumbikumbi akiwa hai mpaka uji ukiwa kwenye bakuli.

Nadharia ni fupi. Maziwa ya mama peke yake yanatosha hadi miezi 6. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto inakuwa imepungua, na uji mweupe wa mahindi hauijazi. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 hivi za chuma kwa siku, na baba yake anahitaji 8 tu. Tumbo lake nalo ni dogo kama ngumi yake, kwa hiyo kila kijiko lazima kibebe kitu. Anahitaji pia zinki, miligramu 3 kwa siku, kwa ajili ya kukua na kupambana na maradhi kama kuhara.

Kumbikumbi wana vyote viwili. Aina nne zilizopimwa magharibi mwa Kenya zilikutwa na zaidi ya miligramu 50 za chuma na zaidi ya miligramu 7 za zinki katika kila gramu 100 za kumbikumbi wakavu. Senene wa Bukoba na Uganda wana chuma kidogo kuliko kumbikumbi, lakini kwa zinki wako vizuri sana. Hapa tunashughulika na kumbikumbi. Tofauti za senene zimo karibu na mwisho.

Kabla hujafurahi, fanya hesabu. Unga wa mwongozo huu una gramu 100 za kumbikumbi katika kila kilo. Mtoto akila gramu 60 za unga kwa siku, amepata gramu 6 za kumbikumbi, yaani miligramu 3 hivi za chuma kati ya zile 11, na si chuma chote kinachoingia mwilini. Huo ni msaada mkubwa kwa uji ambao ungekuwa mtupu, lakini si dawa ya upungufu wa damu. Huko Kongo watoto wa miezi 6 hadi 18 waliwahi kulishwa uji wa viwavi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Wingi wa damu yao ulikuwa bora na wenye upungufu wa damu walikuwa wachache, ila udumavu haukupungua. Kwa hiyo kama kliniki imekupa virutubishi nyongeza au dawa ya chuma ya matone, endelea nayo kama ulivyoelekezwa.

Nani asipewe

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, hata kama bibi anasisitiza. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, yaani miguu imevimba au amekonda sana: huyo anahitaji matibabu na chakula dawa cha hospitali, si uji wa nyumbani. Mtoto mwenye selimundu, hasa aliyewahi kuongezewa damu mara kwa mara, muulize kwanza daktari wake, kwa sababu chuma kinaweza kuwa tayari kimezidi mwilini. Na kama nyumbani kuna mtu anayevimba au kuwashwa akila kamba, kaa au uduvi, kuwa mwangalifu mara mbili. Wadudu na kamba wana protini zinazofanana, na mzio wa kimoja unaweza kuwa mzio wa kingine.

Kwa familia za Kiislamu swali la halali huja mapema. Nzige wametajwa waziwazi kuwa halali, lakini kuhusu kumbikumbi madhehebu yanatofautiana. Muulize shekhe wako kabla hujaingia jikoni.

Unachohitaji

Kwa kilo 1 ya unga, ambayo inamtosha mtoto mmoja wiki mbili hivi:

- Kumbikumbi wakavu waliokwisha safishwa, gramu 100. Ukianza na wabichi, tafuta gramu 300 hivi, maana maji, mabawa na wabovu vyote vitaondoka.
- Mahindi makavu yaliyokobolewa, gramu 600. Mtama mweupe unafaa pia. Mtama mwekundu uache, kwa sababu ule ukakasi wake unashika chuma.
- Ulezi, gramu 250, wa kuotesha kimea.
- Dagaa wakavu wasio na chumvi, gramu 50.
- Ungo, sufuria mbili, kikaango kizito, mwiko, na mzani mdogo wa jikoni. Kama huna mzani, muuza duka akupimie.
- Kichanja au meza ya kuanikia, pamoja na kipande safi cha chandarua kisichotiwa dawa.
- Kinu na mchi, au blenda yenye kisu cha kusagia vitu vikavu.
- Chekeche la matundu madogo, lile la kuchekechea unga wa maandazi. Chujio la chai halifai.
- Chupa ya kioo au kopo lenye kifuniko kinachobana.

Ulezi uanze siku nne kabla. Uloweke usiku kucha, mwaga maji, utandaze kwenye kitambaa kilicholowa na uufunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku mbili, mpaka vichipukizi vifikie urefu wa punje yenyewe au zaidi kidogo. Anika ukauke kabisa, fikicha vimizizi vitoke, peta. Kimea usikikaange: moto mkali unaua nguvu inayolainisha uji. Kuotesha kunapunguza pia fitati, kitu kilichomo kwenye nafaka ambacho hukamata chuma na zinki visimfikie mtoto. Kimea kikiota ukungu wa kijani au mweusi, mwaga chote, usichambue.

Hatua

1. Chagua mahali pa kuwapata. Hapa ndipo watu wanapoharibu mambo kabla hata ya kuanza. Kumbikumbi wanaotoka chini ya msingi wa nyumba usiwachukue, kwa sababu mafundi wengi humwaga dawa ya mchwa kwenye msingi na dawa hiyo hukaa miaka. Usichukue wa kwenye kichuguu kilichowahi kumwagiwa dawa, wala wa pembeni mwa shamba la tumbaku au pamba lililopuliziwa karibuni. Wale wanaorundikana chini ya taa za barabarani wamechanganyika na vumbi la magari na mafuta machafu. Wazuri ni wa kichuguu cha porini au cha shamba usilopulizia, ambacho historia yake unaijua.

Ukinunua sokoni, nunua wale wakavu wasiotiwa chumvi na wasiokaangwa kwa mafuta. Chukua kiganja kimoja, nusa, kisha vunja mmoja. Mzuri ananukia kama karanga zilizokaangwa na anakatika kwa sauti. Akipinda bila kukatika bado ana maji. Akinukia kama mafuta ya taa au mafuta yaliyokaa, mrudishie mwenyewe.

2. Wachambue wakiwa hai. Wamwage kwenye beseni pana lenye mwanga mzuri. Toa waliokufa, mchwa askari wenye vichwa vikubwa, majani, kokoto na kila mdudu usiyemjua. Mvua na taa huvuta wadudu wengi kwa pamoja. Angalia hasa kile kijidudu chembamba chenye mikanda ya rangi ya chungwa na nyeusi ambacho Wakenya hukiita Nairobi flai. Sumu yake hubabua ngozi na kutoa malengelenge, wala haiishi kwa sababu mdudu amekufa. Usikiponde kwa vidole, kitoe kwa kijiti. Ukikuta vingi, mzigo wote huo usiutumie kwa mtoto.

Kumbikumbi waliokufa usiku kucha ndani ya mfuko wa plastiki usiwatumie. Wanaoza haraka. Uwakamate jioni, uwashughulikie jioni ile ile.

3. Waoshe mara tatu. Tumia maji safi mengi. Wakoroge kwa mkono, waache watulie nusu dakika, kisha wachote kutoka juu kwa chujio. Usimwage beseni lote kupitia chujio, maana mchanga uliozama utarudi nao. Rudia mpaka chini ya beseni pasibaki udongo. Utasikia watu wakisema udongo wa kichuguu una madini, kwa hiyo kidogo hakina neno. Una neno. Chuma kilichomo kwenye udongo mwili wa mtoto haukipati kwa urahisi, na pamoja nacho huja mayai ya minyoo na bakteria.

4. Wachemshe dakika 5. Maji yawe yanachemka kabisa kabla hujawatia, na uhesabu dakika 5 tangu maji yanapoanza kuchemka tena. Hatua hii huua bakteria wengi wa uchafu. Haiui wote. Kuna wale wa udongoni ambao hujifunika kama mbegu, wakastahimili kuchemshwa, kisha wakaamka wakipata unyevu na joto. Ndiyo maana ukaushaji unaofuata si wa kuharakisha. Wachuje, mwaga maji hayo, usiyapikie uji.

5. Wakaange bila mafuta. Kikaango kizito, moto mdogo, mwiko usipumzike. Usiongeze mafuta wala chumvi: karibu nusu ya uzito wa kumbikumbi mkavu ni mafuta yake mwenyewe. Baada ya dakika 10 hadi 15 mabawa yatakuwa makavu na yatavunjika ukiyagusa, na harufu ya karanga itaanza. Hapo ndipo pa kuwatoa. Wakigeuka weusi wameungua, na uji utakuwa mchungu mpaka kopo liishe.

6. Fikicha na upete. Waache wapoe kwenye ungo, wafikiche taratibu kwa viganja, peta nje penye upepo mdogo. Mabawa yote yatoke, na miguu pia kadiri inavyowezekana. Kwa mtu mzima bawa moja si kitu, lakini kwa mtoto linaganda kooni au kwenye paa la mdomo, anakohoa, anatapika, na kesho anakataa uji. Peta mara mbili, kisha utandaze kwenye kitambaa cheupe uone kilichobaki.

7. Wakaushe mpaka wakatike. Watandaze unene wa mdudu mmoja kwenye kichanja, wafunike kwa chandarua dhidi ya nzi, jua kali siku 1 hadi 2. Jioni uwaingize ndani, maana umande unarudisha unyevu wote uliotoa mchana. Msimu wa kumbikumbi ni msimu wa mvua, na jua mara nyingi halitoshi. Basi tumia oveni kwa joto la nyuzi 60 hadi 70 na mlango ukiwa wazi kidogo, au urudie kikaango kwa moto mdogo sana, dakika 10 kila mara, ukiwapumzisha katikati. Kuwatandaza chini kwenye turubai ni kosa la kawaida: kuku, mbuzi na vumbi la njia vyote hupita hapo.

Jaribio la unyevu: chukua wachache, watie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 10. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa au ikifanya mabonge, bado wana maji. Hao wa jaribio usiwarudishe kwenye mzigo wa mtoto, wale wewe. Pima gramu 100 kutoka kwa waliofaulu.

8. Andaa dagaa na mahindi. Dagaa waliokaushwa mchangani wana mchanga hata ukiwaosha juu juu. Toa vichwa na matumbo, waoshe haraka kwa maji ya vuguvugu mara mbili, kisha wakaange wakauke kabisa. Mahindi yachambue punje kwa punje kabla ya kuyapima. Yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au yaliyonyauka yatoe yote, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haitoki kwa kupika na haitoki kwa kusaga. Kaanga mahindi kidogo yakauke na yanukie, yaache yapoe.

9. Saga kwa kuchanganya. Hili ndilo jibu la swali la blenda. Kumbikumbi wakisagwa peke yao, mafuta yao yanatoka na kila kitu kinagandamana. Wachanganye na gramu 300 za mahindi yaliyopoa, ili unga wa mahindi unywe mafuta hayo. Saga kwa vipindi vifupi vya sekunde 10 hadi 15, pumzisha mashine isipate moto. Kwa kinu, twanga kidogo kidogo. Kisha saga dagaa na mahindi yaliyobaki, na mwisho kimea. Changanya vyote kwenye beseni kavu.

Ukienda mashine ya kusagia ya mtaani, usiwe wa kwanza baada ya mtu aliyesaga pumba au chakula cha mifugo. Peleka kilo moja ya ziada ya mahindi, isagwe kwanza isafishe mashine, na unga huo usiingie kwenye uji wa mtoto. Kumbikumbi wachanganywe na mahindi nyumbani, wasimiminwe peke yao, la sivyo wavu wa mashine unaziba na mwenye mashine hatakusahau.

10. Chekecha mara mbili. Kinachobaki juu ya chekeche kirudishe kinuni mara moja. Kinachobaki tena baada ya hapo ni maganda magumu, wape kuku. Chukua unga kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uweke kwenye ncha ya ulimi. Ukihisi chembe, na mtoto atazihisi.

11. Hifadhi kwa wiki mbili, si zaidi. Kopo kavu, kifuniko kinachobana, mahali penye giza na ubaridi. Andika tarehe. Mafuta ya kumbikumbi huharibika haraka yakishasagwa, na jua la dirishani huyaharibu upesi zaidi. Ukiwa na kumbikumbi wengi, wahifadhi wakiwa wazima na wakavu, usage kwa zamu. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu kila mara. Tone moja la maji linatosha kuanzisha ukungu.

12. Pika uji. Kwa mlo mmoja: maji kikombe kimoja cha mililita 250 na unga gramu 40 hivi, sawa na vijiko vya chakula 5 vilivyosawazishwa. Vijiko havilingani, kwa hiyo mara ya kwanza pima vijiko 10 vya kwako kwenye mzani, ugawe kwa 10, na utajua chako kinabeba gramu ngapi. Koroga unga kwenye maji baridi kwanza, weka motoni, koroga mpaka uchemke, punguza moto, upike dakika 15. Kimea kitaufanya uonekane mwepesi kuliko ulivyozoea. Usiongeze maji. Uji mzuri unakaa kwenye kijiko, haumiminiki kama chai.

Ukishapoa kufikia joto la kulisha, kamulia juisi ya nusu chungwa, au mpe papai, pera au embe lililopondwa baada ya uji. Vitamini C huongeza sana chuma kinachoingia mwilini, lakini ukiipika motoni inapotea, ndiyo maana inaingia mwishoni.

Mlo usikae nje zaidi ya saa 2. Kilichobaki kwenye bakuli alilolia mtoto kimwage.

13. Anza kidogo. Kwanza mtoto awe amezoea uji wa kawaida kwa wiki mbili hivi. Siku 3 za mwanzo mpe kijiko kimoja cha chai cha uji huu, asubuhi, na mlo uliobaki uwe ule wa kawaida. Asubuhi ina sababu yake: likitokea lolote, kituo cha afya kiko wazi. Siku hizo usimletee chakula kingine kipya. Siku ya 4 hadi ya 7 mpe nusu bakuli dogo, halafu mlo mzima.

Kwa umri, kadiria hivi. Miezi 6 hadi 8: anza na vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo, upande polepole hadi nusu kikombe, milo 2 hadi 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, milo 3 hadi 4. Mwaka 1 hadi 2: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, milo 3 hadi 4. Si lazima kila mlo uwe uji huu. Milo miwili kwa siku inatosha, mingine iwe mboga, maharage, yai, samaki, nyama ya kusaga au ini. Maziwa ya mama yanaendelea kama kawaida.

Makosa yanayorudi kila msimu

Chai. Hili linatajwa peke yake kwa sababu ndilo linalobomoa kazi yote ya juu. Uji wa kumbikumbi ukifuatwa na kikombe cha chai, hata ya maziwa, hata nyepesi, chuma kingi kinashikwa na chai na kutoka na choo. Mtoto mdogo hahitaji chai kabisa. Maziwa ya ng'ombe nayo usiyapikie uji huu. Yanapunguza chuma kinachofyonzwa, na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hayafai kuwa kinywaji chake kikuu.

Kuongeza kumbikumbi maradufu "ili damu ipande haraka". Gramu 100 kwa kilo zinatosha. Utafiti wa WinFood magharibi mwa Kenya nao ulitumia asilimia 10 ya kumbikumbi kwenye unga wa watoto. Ukizidisha, mafuta yanazidi, unga unaharibika mapema na tumbo la mtoto linalegea.

Kusaga kumbikumbi au senene waliokaangwa kwa chumvi, vitunguu na pilipili wa vifurushi vya barabarani. Hao ni kitoweo cha wakubwa. Chumvi yao ni nyingi mno kwa figo changa.

Kumpa mtoto kumbikumbi mzima mkononi acheze naye na kula. Chini ya miaka 3, asagwe tu.

Kuchukua kila kiwavi kwa imani kwamba wadudu wote ni sawa. Si sawa. Wapo viwavi wenye sumu, na wapo wanaoharibu vitamini B1 mwilini. Wale ambao jamii yako haijawahi kuwala, usiwafanyie majaribio kwa mtoto.

Ukitumia senene

Mpangilio ni ule ule, ila kuna kazi ya mikono zaidi. Ng'oa mabawa, miguu yote sita na papasi za kichwani kabla ya kuosha. Miguu ya nyuma ina miiba kama msumeno, haisagiki vizuri, na ikifika kwa mtoto inachoma koo au kukwama tumboni. Senene ni wanene kuliko kumbikumbi, kwa hiyo ongeza muda wa kukausha, na umvunje mmoja katikati uone ndani, si kugusa ngozi tu. Kiasi ni hicho hicho cha gramu 100 kwa kilo.

Mambo yakienda kombo

*Uji una mchanga.* Ni kumbikumbi waliomwagwa na maji kupitia chujio, au ni dagaa. Loweka kijiko cha unga kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika 5 na utazame chini. Mchanga hautoki kwenye unga uliokwisha sagwa. Watu wazima waule, uanze upya.

*Unga umefanya mabonge siku chache baada ya kusaga.* Mabonge yanayovunjika kwa kidole ni mafuta, chekecha tena. Yaliyo magumu, yenye unyevu au doa lolote la ukungu, mwaga kopo zima.

*Unanukia kama rangi ya mlango au mafuta ya zamani.* Mafuta yameharibika. Kuukaanga upya hakuponyi kitu.

*Uji ni mwepesi kama maji.* Kimea ni kingi au umekipika kwa moto mdogo muda mrefu kabla ya kuchemka. Punguza kimea hadi gramu 150, uongeze mahindi gramu 100, na ufikishe uji kwenye mchemko haraka zaidi.

*Mtoto anatema.* Mara nyingi ni harufu ya dagaa, si kumbikumbi. Punguza dagaa hadi gramu 25, ongeza ndizi mbivu iliyopondwa. Jaribu tena baada ya siku mbili, bila kumlazimisha. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara kumi au zaidi kabla hajakikubali.

*Vipele, macho kuvimba, kutapika ndani ya saa 2 tangu ale.* Simamisha, usijaribu tena nyumbani, mpeleke kituo cha afya ukiwa na kopo la unga. Akipumua kwa shida au midomo ikivimba, usisubiri chochote, kimbia hospitali.

*Anaharisha.* Mpe maji yenye chumvichumvi (ORS) na vidonge vya zinki kama kliniki inavyoelekeza, na unyonyeshe zaidi. Kwa siku hizo rudi kwenye uji wa kawaida. Kisha uliza: uji ulikaa nje saa ngapi? Kijiko kilikuwa kikavu?

*Choo kimekuwa kigumu.* Maganda hayakuchekechwa vizuri au maji ya kunywa ni machache. Chekecha tena, mpe papai.

*Wiki kadhaa zimepita, viganja na ndani ya kope bado ni vyeupe, mtoto analala mno.* Acha kungojea uji. Apimwe damu, malaria na minyoo. Mtoto mwenye malaria au minyoo anapoteza damu au kuiharibu haraka kuliko chakula chochote kinavyoirudisha.

*Mvua zimekwisha na kumbikumbi hakuna.* Weka dagaa gramu 150 mahali pa kumbikumbi 100 na dagaa 50, mahindi 600 na kimea 250 vibaki vile vile. Chuma kitakuwa kidogo kuliko cha kumbikumbi, kwa hiyo mpe ini lililopikwa likaiva na kupondwa, vijiko viwili, mara moja kwa wiki. Kichuguu nacho kiachie, usikibomoe ukitafuta waliobaki. Malkia akifa hakuna wa msimu ujao.